Samli moja, matumbo mawili: kisa cha shangazi na wifi yake

Hiki kisa ni cha kwetu nyumbani na wahusika wote wawili wamenambia nikieleze mradi tu nisitaje majina, kwa hiyo tutakwenda na "shangazi" na "mama mdogo", inatosha. Shangazi ni dada yake baba, ana miaka 61, anaishi Muscat tokea ujana wake. Mama mdogo ni mke wa baba mdogo, yuko hapa Unguja, miaka 46, watoto wanne. Wote wawili walikuwa wanasumbuliwa na tumbo, wote wakatumia samli ya dawa ileile ya Kerala, jimbo la kusini ya India, samli inayopikwa na mizizi na mitishamba kwa tiba ya Kihindi ya zamani inayoitwa ayurveda, mmoja ikamfaa na mwengine tukamkimbiza hospitali usiku. Mie kazi yangu famasi, si vaidya (mganga wa ayurveda) wala si daktari, lakini nimekaa na makaratasi ya wote wawili na nimewauliza maswali mpaka wakanikimbia, na ninachokiona ni kwamba tatizo halikuwa samli, tatizo lilikuwa watu kudhani dawa ya tumbo ni dawa ya tumbo basi, tumbo lolote lile.

Tuanze na shangazi.

Shida yake ilikuwa choo. Anakaa siku nne, tano, hajaenda, akienda ni kazi, tumbo limejaa gesi linanguruma mpaka anaona haya kukaa na wageni. Maumivu makali hana, damu hana, uzito uko palepale. Muscat walishampima utumbo kwa kamera hawakuona kitu, akapewa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, ikawa inasaidia wiki mbili afu anarudi kulekule. Jirani zake ni Wamalayali, watu wa Kerala, na mtu wa Oman akikaa na Wamalayali siku mbili tu lazima ataambiwa habari za Kerala, maana Waomani wanakwenda kwa wingi kila kiangazi, joto la Muscat linakimbiwa na huku mwili unatengenezwa. Yeye akaenda na binti yake mwezi wa saba, wakati wa mvua, kipindi ambacho Wamalayali wanakiita Karkidakam, katikati ya Julai mpaka katikati ya Agosti, na wenyewe wanakishika hasa kwa matibabu ya aina hii. Flaiti ya kutoka Muscat mpaka Kozhikode, mji wa Kerala, ni kama masaa matatu hivi. Wilaya ya Malappuram, jirani yake, ndo kwenye mji wa Kottakkal, ambako vaidya P.S. Varier alifungua Arya Vaidya Sala mwaka 1902, na huyo ndo mmoja wa watu wa mwanzo kuzitoa hizi dawa kwenye vyungu vya nyumbani akaziweka kwenye chupa tayari kuuzwa. Shangazi hakulazwa hapo, alikwenda hospitali moja ndogo wilaya hiyohiyo.

Sasa sikilizeni alichofanyiwa, maana hapa ndo penye kisa chote. Siku ya kwanza hakupewa samli. Daktari (kule daktari wa ayurveda anasoma miaka minne na nusu na mwaka mmoja wa mazoezi hospitali, si mtu wa mitishamba wa sokoni) alimuuliza choo, usingizi, kiu, njaa inakuja saa ngapi, akila nyama inakaa tumboni mpaka lini, akamwangalia ulimi, akamshika mkono. Afu akamtaka vipimo vya damu, mafuta ya damu, ini, na ultrasaundi ya tumbo. Shangazi akalalamika, "nimekuja kutafuta dawa za asili mnanirudisha kwenye mashine!" Akajibiwa kwa upole kwamba mtu ambaye atanyweshwa samli kwa wingi lazima ini na nyongo yake ijulikane ikoje. Ultrasaundi ikatoka safi. Lishikeni hilo neno.

Siku za mwanzo akapewa unga tu, hingvashtaka, ambao ndani yake mna mvuje, tangawizi, pilipili manga, pilipili ndefu, bizari nyembamba, habasoda au bizari nyeusi inategemea nani anatengeneza, mbegu za jamii ya ajwani, na chumvi ya mawe. Kijiko kidogo kinachanganywa na tone la samli kwenye tonge la kwanza la wali. Sababu yao ni kwamba kuna kitu wanakiita ama, uchafu wa chakula ambacho hakijasagika vizuri, na mtu mwenye ama akipewa mafuta mengi ni kumzidishia. Kwanza moto wa tumbo uwashwe, ulimi usafike, njaa irudi, ndo mafuta yaje. Mie hiyo habari ya ama sijui utaipima kwa mashine gani, lakini kimatendo ina maana, mtu tumbo limejaa na hana hamu ya kula umnyweshe nusu kikombe cha mafuta unatarajia nini?

Baada ya hapo ikaja samli yenyewe, Indukantham. Hii ni maarufu sana Kerala, imo kwenye Sahasrayogam, kitabu cha mapishi ya dawa ambacho vaidya wa kule hawakiachi. Kwenye hiyo samli mna maziwa, mna mizizi kumi ya dashamula, mna mti wa devadaru, mna pilipili ndefu na mzizi wake, tangawizi, na mzizi wa chitraka ambao ni mkali kwelikweli. Ni samli ya moto hiyo, imekusudiwa mtu mwenye upepo tumboni, choo kikavu, mwili umepoa.

Kuhusu inavopikwa ntaeleza kidogo kwa sababu watu wanadhani ni kuchanganya unga wa majani kwenye samli ya dukani ukakoroga. Kanuni ya zamani ni fungu moja la dawa iliyosagwa, mafungu manne ya samli, mafungu 16 ya maji au maziwa au supu ya mizizi, vyote vinawekwa moto mdogo mpaka maji yote yaondoke. Kujua imeiva, mpishi anachukua ile rojo ya dawa iliyobaki chini anaiviringisha baina ya vidole, ikijikunja ikawa kama utambi bila kushika vidoleni basi karibu, afu anaitupia kidogo kwenye moto anasikiliza: ikilia chwa-chwa bado ina maji, ikiungua kimya imeiva. Na povu, kwenye mafuta ya ufuta povu likipanda ndo yameiva, kwenye samli ni kinyume, povu likitulia ndo imeiva. Ikiiva wastani ndo ya kunywa, ikipitiliza inafaa kuchulia tu. Samli nzuri ya dawa ina chengachenga, rangi ya kijani cha udongo, na harufu ambayo binti yake shangazi alisema ni ya kabati la bibi.

Kila alfajiri nesi anakuja na gilasi ya chuma, samli imepashwa moto, na chupa ya maji ya moto pembeni. Siku ya kwanza mililita 30, afu inapanda kila siku. Shangazi anabana pua anaimeza yote kwa mpigo, midomo inateleza, anasukutua na maji ya moto, afu kazi yake siku nzima ni kunywa maji ya moto kidogokidogo na kungoja njaa. Chakula hapewi mpaka aseme mwenyewe "nna njaa" ya kweli na mcheuo utoke safi bila harufu ya samli, hapo analetewa uji wa mchele mwepesi. Siku za mwanzo njaa ilikuja saa nne asubuhi, samli ilivopanda ikawa inakuja alasiri. Maji baridi marufuku, kulala mchana marufuku, feni pia wamemkatalia.

Charaka, kitabu chao kikongwe, kina sura nzima ya mafuta, ya 13 kwenye sehemu ya kwanza, na humo imeandikwa kwamba mwenye tumbo laini anatosheka kwa siku tatu na mwenye tumbo gumu ni saba. Shangazi alikwenda zote saba. Dalili ya kutosha ni choo kutoka laini chenye mafuta na mtu mwenyewe kuichukia samli hata kuiona hataki, na shangazi anasema siku ya sita akisikia tu viatu vya nesi kichefuchefu kinampanda. Baadae siku tatu za kusingwa mafuta na mvuke, afu ile dawa ya kuharisha, trivrit lehyam, akaenda choo mpaka jioni, afu wiki nzima ya kurudishwa kwenye chakula pole pole, uji wa maji, uji mzito, wali na chooko, ndo chakula cha kawaida. Akaruhusiwa na chupa mbili za Indukantham, kijiko kimoja kidogo asubuhi kabla ya kula, kwa mwezi na nusu.

Imemfaa? Ndio. Anakwenda choo kila siku au anaruka siku moja, gesi imepungua, laktulosi ameiacha. Mie nilivomuuliza zaidi nikaona na mengine yamebadilika, zamani alikuwa anakula chakula cha usiku saa tano na kahawa hapumziki, siku hizi anakula saa moja magharibi, anakunywa maji ya moto, anatembea ufukweni na hao jirani zake. Kwa hiyo mtu akinambia ni samli peke yake ntabisha, na mtu akinambia samli haikufanya kitu pia ntabisha. Mafuta yanayofika tumboni yanaamsha utumbo mpana usukume, na yale ambayo hayakunyonywa yanalainisha choo, hilo halihitaji Sanskrit. Tafiti za hizi samli zipo, nyingi za India na za watu wachachewachache, si za kumfungia mtu mkataba.

Sasa harusi. Mwezi wa kumi na mbili shangazi kaja Unguja kumuoza mtoto wa kaka yake, na kwenye begi mna ile chupa ya pili, mililita 150, haijafunguliwa. Akamkuta wifi yake jikoni kajishika mbavu.

"Wifi, tumbo tena?"

"Vidonda vyangu hivi wifi, nishazoea."

"Basi chukua hii, ndo ilonifungua mimi."

Tusimame hapo kwenye hivo vidonda. Kwetu mtu akiumwa juu ya kitovu basi ana vidonda vya tumbo, ameshajipima mwenyewe, anakuja famasi anataka omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kama anataka sukari nusu kilo. Mama mdogo alikuwa na "vidonda" miaka miwili na hakuna mtu aliyewahi kuviona. Maumivu yake nilipomchambua baadae yalikuwa hivi: yanakuja baada ya chakula cha mafuta, biriani, sambusa, mara nyingi usiku, yanakaa juu upande wa kulia, yanapita nyuma mpaka chini ya bega la kulia, yanashika lisaa, mawili, matatu, afu yanaondoka yenyewe kama hayakuwepo. Na kiungulia juu yake. Vidonda vya kweli vina tabia nyengine, sana vinatokana na bakteria wa H. pylori (Warren na Marshall wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa hilo) au na dawa za maumivu kama diklofenaki, na maumivu yake huwa ya kuunguza, yanakwenda na kurudi kila siku wiki nzima, hayaji kama mgeni wa harusi anakula anaondoka.

Mama mdogo akaichukua chupa. Na kwa vile samli ni samli, kijiko kidogo kwake aliona ni ubahili, akawa anachukua vijiko viwili vya chakula anachanganya na maziwa ya moto anakunywa wakati wa kulala, juu ya chakula cha usiku. Yaani kila kitu kinyume na alivofanyiwa shangazi, tumbo halikusafishwa, njaa hakuna, saa siyo, dozi siyo. Usiku wa kwanza tumbo likajaa, akaambiwa na shangazi kwa nia njema kabisa "ni uchafu unatoka huo wifi, vumilia". Haya maneno ya uchafu unatoka yamewaumiza watu wengi, mie nayachukia. Usiku wa walima akala pilau, akanywa na samli yake, saa saba za usiku akawa anatapika, jasho, hawezi kukaa hawezi kulala. Baba mdogo alidhani moyo.

Hospitali wakampima moyo kwanza, uko sawa, wakampa sindano ya maumivu, asubuhi ultrasaundi: kifuko cha nyongo kimejaa vijiwe. Homa hana, macho hayajageuka manjano, vipimo vya ini na kongosho viko sawa, kwa hiyo alibahatika. Alirudi nyumbani na mwezi uliofuata akatolewa kifuko kwa tundu ndogondogo.

Haya, samli ndo imemtia vijiwe? Hapana. Vijiwe vinachukua muda mrefu kukua, na yeye alikuwa na sababu zake zote, mwanamke, ameshavuka 40, mimba nne, mwili mkubwa kidogo, na mamake pia alitolewa nyongo. Watu wengi sana wana vijiwe na hawajui mpaka wanakufa kwa jambo jengine. Kinachotokea ni hiki: mafuta yakiingia kwenye utumbo wa mwanzo, utumbo unatoa homoni inayoitwa kolesistokinini, hiyo inakiambia kifuko cha nyongo jibane umwage nyongo ije isage mafuta. Kifuko kikijibana na ndani mna kijiwe, kijiwe kinakwenda kuziba mlango, kifuko kinaendelea kusukuma ukuta, na hayo ndo maumivu. Samli ni mafuta karibu asilimia 99. Vijiko viwili vya chakula juu ya pilau ni kama kumuamuru mtu mwenye vijiwe apate shambulio. Ndo maana yule daktari wa Malappuram alitaka ultrasaundi kabla hajafungua chupa.

Na tuseme hakuna mashine duniani, tumhukumu kwa ayurveda yenyewe. Bado hiyo samli si yake. Tumbo la mama mdogo ni la kuunguza, kiungulia, mdomo mchungu, wenyewe wangesema ni pitta, moto umezidi. Unampa chitraka na pilipili ndefu ufanye nini, umuongezee moto? Kwa mtu kama huyo wana samli nyengine kabisa, ya mzizi wa shatavari, au ya ule mzizi mtamu wa sus ambao Waarabu wanautengeneza sharubati, au mahatiktaka ambayo ni chungu kama mwarobaini, na zote wangezitanguliza na maswali. Hata msimu wangemuuliza. Kwa hiyo watu wa hospitali wanaosema "mnaona, madawa ya Kihindi haya" nawao hawajaelewa, ayurveda haikumtibu mama mdogo, aliyemtibu ni wifi yake.

Kuna hoja moja inazunguka sana kwenye simu, kwamba samli ina asidi ya butiriki na hiyo ndo chakula cha ukuta wa utumbo mpana, kwa hiyo kunywa samli ujenge utumbo. Nusu yake kweli. Mafuta ya maziwa yanayo, kiasi cha asilimia tatu au nne. Lakini inanyonywa juu kabla haijafika utumbo mpana, na ile inayolisha utumbo mpana inatengenezwa hukohuko na bakteria kutokana na nyuzinyuzi za maharage, mboga, matunda. Ukitaka hiyo asidi kula kunde.

Jengine ambalo halikutokea kwetu lakini naulizwa kila siku ni habari ya madini ya risasi na zebaki kwenye dawa za ayurveda. Hilo la kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walitoa utafiti wa dawa 70 za ayurveda walizonunua kwenye maduka ya Waasia, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, na mwaka 2008 wakatoa mwengine wa dawa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, moja katika kila tano hivi ikawa nazo. Zile zinazotiwa madini kwa makusudi, za rasa, ndo mbaya zaidi. Samli za mimea si kundi hilo, lakini kama chupa haina jina la kiwanda, namba ya leseni na tarehe, mie siigusi, na ile aliyokuja nayo shangazi ilikuwa na vyote, tuseme haki.

Mwenye vijiwe, mwenye ini bovu, mwenye kongosho lililowahi kuvimba, mwenye mafuta mengi ya damu au moyo, mjamzito hasa kwa hizi zenye chitraka, asianze samli ya dawa kwa kuletewa na jamaa. Na mtu mwenye maumivu ya kulia juu yakaja na homa, au macho manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe, au yamepita masaa sita hayaachii, huyo si wa famasi wala si wa vaidya, ni wa hospitali usiku huohuo.

Shangazi aliumia sana, alikaa wodini na wifi yake mpaka karuhusiwa na mpaka leo akipiga simu anaanza na "nisamehe wifi", na mama mdogo anamwambia kama si samli yako ningeendelea kunywa omeprazole mpaka kijiwe kingeshuka kikaziba mlango wa kongosho, jambo ambalo linawezekana kabisa. Chupa niliichukua mie ikiwa nusu, iko kwenye droo famasi, naitumia kuwaonesha wanaokuja kuuliza.

Swali lake mama mdogo baada ya operesheni lilikuwa moja tu, je, samli ya biriani itakuwa haramu kwake maisha? Si haramu. Ini linaendelea kutengeneza nyongo, isipokuwa sasa inadondoka moja kwa moja kwenye utumbo badala ya kungoja kwenye kifuko, kwa hiyo wiki za mwanzo mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kumharisha, aanze kidogokidogo aone tumbo linasemaje. Idi iliyopita alikula biriani sahani nzima, na kesho yake akanitumia meseji kwamba hajaumwa popote.